Resident Evil ya 1996: nimeirudilia na bado naogopa kufungua milango. Sababu ni nini?

Mwana_wa_Himbi (Goma)
Bandugu mambo. Naongea juu ya Resident Evil ya kwanza, ile ya PlayStation, siyo remake (ile waliyoitengeneza upya). Waliirudisha kwa GOG, duka la michezo la intaneti, mu 2024, inacheza vizuri kwa kompyuta ya kawaida, nikainunua nikaianza usiku batoto wamelala. Nimecheza Resident Evil 7 (RE7) ya 2017, RE2 ile mpya ya 2019, RE4 ya 2023, nimezimaliza zote moyo umetulia. Lakini hii nyumba ya Spencer, mule muchezo wote unaanzia, na sura zake za pembe-pembe, kila mulango unapofunguka mule mu giza mikono inatoka jasho. Mimi nadai hivi: Capcom, kampuni yenye muchezo, hawajatengeneza tena muchezo unaojua kuogopesha mutu kuliko huu. Mwenye kukataa aje na sababu, na mwenye kukubali anielezee inafanyaje.

Nguba_Boy (Bukavu)
Yaya hapo hakuna siri. Uliicheza ukiwa mutoto, na woga wa utoto hautokagi. Ukiona ule mulango mwili unakumbuka mbele ya akili. Mpe mutoto wako acheze uone, atacheka sauti ya Barry, mumoja wa watu wa muchezo, mpaka alale.

Dada_Furaha (Goma)
@Nguba_Boy hiyo nakataa. Mutoto wa dada yangu ana miaka 14, PlayStation ya kwanza hajawahi hata kuigusa, nilimwekea kwa simu yangu na DuckStation, emyuleta inayochezesha michezo ya PlayStation, ni kweli alicheka ile filamu ya mwanzo na vile wanaongea, kiisha akafika mu ile koridori ya madirisha upande wa mashariki, kimya, anatembea tu, mbwa akapita mu kioo, na simu yangu ikaanguka chini akakataa kuishika tena mpaka mama yake atoke sokoni. Huyo hana ukumbusho wowote wa 1996. Tafuta sababu ingine.

Nguba_Boy
Dada huo ni mushtuko, siyo woga. Mbwa akitokea gafla hata kwa katuni utaruka.

Dada_Furaha
Mushtuko unapita mu sekunde. Huyu mutoto tangu siku ile akifika kwa koridori yoyote yenye dirisha anasimama kwanza. Huo ni woga.

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Salamu wote. Mimi natengeneza mashine hizi tangu zamani, niseme kwa upande wa kazi. Milango ni shida ya mashine. PlayStation iko na RAM ya megabaiti 2, na ya picha megabaiti 1. Chumba kimoja kikiingia, kingine lazima kitoke. Wakati CD inasoma chumba kipya unaonyeshwa mulango unafunguka pole pole. Walikuwa wanaficha kungoja, woga ulifuata nyuma.

Tena huku kwetu kulikuwa na kitu ambacho Bajapani hawakupanga. Mashine zilifika zimeshatumika, reli ya plastiki ya lensi imelika, njo maana watu walikuwaga wanageuza PlayStation juu chini ili CD isome. Sasa uwaze: mulango umefunguka, ekra imekuwa nyeusi, unasikia ndani lensi inagonga tk tk tk, picha haikuji. Hujui kama ni muchezo ao ni CD ya kopi, hujui kama huko ng'ambo zombi amesimama palepale unapoingilia. Bateja wangu walikuwa wanakuja na neno moja: "fundi, inakwama kwa milango". Sehemu zingine hazikwami sana kwa sababu hazisomi CD wakati ule. Mulango tu.

Chukudu_94 (Goma)
@Fundi_Kadutu heshima yako mukubwa, lakini ule mulango haukuzaliwa na CD. Capcom walikuwa na muchezo unaitwa Sweet Home, 1989, wa Famicom, mashine ya Nintendo, wa kaseti, na mule tayari mulango unafunguka mbele ya uso wako. Aliyeuongoza ni Tokuro Fujiwara, na Fujiwara huyohuyo njo alikuja kumpa Shinji Mikami kazi ya Resident Evil. Nyumba kubwa iliyofungwa, nafasi chache za kubebea vitu, barua za waliokufa mbele yako, vyote vinatoka mule. Kaseti haina lensi ya kungojea. Mulango waliuweka juu walijua unafanya nini kwa mutu.

Fundi_Kadutu
Kaseti haingoji, nakubali. CD inangoja. Bila mulango wangeandika "subiri" kwa ekra nyeusi na tungekuwa tunalalamika. Mashine njo iliamuru, wao wakachagua nguo ya kuivalisha.

Mulushois (Lubumbashi)
Bandugu ya Kivu jambo. Muko munazunguka kwa milango, mi nasema ni kamera. Angalia vizuri zombi wa kwanza, yule ukitoka sale ya kulia chakula unaingia kakoridori kadogo. Amekupa mugongo, anakula Kenneth, mumoja wa timu yako, na muchezo unakuondoa mikononi mwako kamera kwa muda, unaona kichwa kinageuka pole pole mpaka jicho likuangalie. Kisha hapo nyumba muzima kamera haiko yako. Unaingia fasi, kamera imekaa juu kwa pembe inaangalia uso wa Jill unayemuongoza, mbele yake kuna kona, na nyuma ya kona unasikia miguu inakokotwa. Yeye Jill anaona. Weye hauone. Mu RE ya leo nikisikia kitu nageuza fimbo ya maneti naangalia, imekwisha.

Na kwa historia: kamera ile inatoka kwa Bafaransa. Alone in the Dark, Infogrames, 1992, ya Frédérick Raynal. Mikami kwanza alitaka muchezo uonekane kwa macho ya muchezaji mwenyewe, kiisha akaacha akafuata njia ya Alone in the Dark.

Chukudu_94
Na mu 2017 na RE7 wakarudi kwa ile ya macho ya muchezaji. Ilichukua miaka zaidi ya 20.

Mwana_wa_Himbi
@Mulushois hii ya kamera inanigusa. Lakini basi juu ya nini remake ya 2002 ya GameCube, ambayo iko na kamera ileile imesimama na inapendeza kuliko, hainishiki hivi?

Mulushois
Hapo labda ni weye. Mi ile ya 2002 njo iliniogopesha kuliko zote. Zombi uliyemuangusha bila kumchoma moto ao kumpasua kichwa anaamka kisha muda, kichwa chekundu, anakimbia. Sasa kila maiti uliyoiacha kwa koridori inabaki deni. Na pia walijua kwamba siye tunakumbuka mbwa. Unapita mara ya kwanza kwa ile koridori, kioo kinapasuka kidogo tu, mbwa hakuji. Unasema bameitoa. Unakuja kupita tena, umeshasahau.

Vieux_Birere (Goma)
Batoto hamjambo. Nimesoma yote naona munaongea kama kila mutu alikuwa na mashine nyumbani. Wengi tulicheza mu chumba cha mutu, Birere, tele moja, maneti zimefungwa waya na plastiki ya buluu, unalipa kwa wakati, muda ukiisha mwenyeji anagusa bega lako. Karte memwari ilikuwa moja tu ya chumba chote, ina nafasi 15, na mabingwa wa mupira walikuwa wameijaza. Ukiomba nafasi moja ya Resident Evil unaambiwa toka. Kwa hiyo kila siku unaanza upya: sale ya kulia, Kenneth, mbwa, bunduki kubwa ya kwenye ukuta. Kufa hakukuwa kurudi nyuma kidogo, kufa kulikuwa pesa imekwenda na siku imekwenda. Nyuma yako kuna batu kumi wanangoja zamu, na hao njo walikuwa wanapiga kelele mbele zombi hajaonekana, "huko! huko! usiingie!", na hakuna hata mumoja kati yao aliyewahi kupita huko.

Mashine ya kwanza niliyonunua mwenyewe ilikwenda na nyumba mu Januari 2002, volkano ilipopita katikati ya muji. Kwa hiyo yule nyoka wa muchezo, wa darini, nilimuona nikiwa tayari na watoto. Nasema hivi: woga wa muchezo huu uko mu bei ya kosa. Leo ukifa unarudi sekunde 30 nyuma, utaogopa nini?

Bijou_K (Bukavu)
Papa asante kwa hii. Na ndiyo hesabu yenyewe ya muchezo, hata kama una karte: kuandika kwa ile mashine ya taipu, ni kusema kufanya sovegarde, kunakula ribboni, na ribboni zinaisha. Risasi vilevile. Niliporudilia mwaka huu nilijikuta nimesimama mulangoni mwa chumba cha kutulia, ule muziki wa taratibu unapiga, nahesabu: risasi za bastola hizi, majani haya mawili, funguo iko ghorofa ya juu, njiani kuna zombi wawili nilioacha. Nimupige ao nimuzunguke? Nikimupiga nitakosa baadaye. Nikimuzunguka atakuwa palepale nikirudi. Kamera haina kazi hapo, mulango hauna kazi, ni hesabu tu na tumbo linakaza.

Mwana_wa_Himbi
@Bijou_K unacheza na nani, Jill ao Chris? Mi niko na Chris.

Bijou_K
Jill.

Dada_Furaha
Hahaha nilijua @Mwana_wa_Himbi atakuwa na Chris. Kaka zangu wote vilevile, wanaume lazima bachukue mwanaume, na wote walikwama. Jill anabeba vitu 8, Chris 6. Jill ana kile kifungulio cha kufuli, Chris anatafuta vifunguo vidogo nyumba nzima. Jill akichukua ile bunduki ukutani bila kuweka ingine na dari ikianza kushuka, Barry anavunja mulango anamutoa. Chris hana Barry. Ukisema muchezo unaogopesha kuliko yote, na unabeba vitu 6 tu, sasa hiyo ni hofu ya zombi ao ni hofu ya kukosa nafasi mu mufuko?

Mwana_wa_Himbi
Chris anavumilia kuumwa kuliko Jill. Na ana laiti ya moto tangu mwanzo bila kuitafuta. Sibadilishi.

Chukudu_94
Na Jill anapata bazuka. Chris anapewa ile ya kutapika moto. Nasema tu.

Fundi_Kadutu
Kuna kitu watu hawaangalii, CD gani ulicheza. Ya Japani inaitwa Biohazard, ilitoka 22 Machi 1996, na mule ukiinua bunduki inajielekeza yenyewe kwa zombi. Ya Marekani na Ulaya waliitoa hiyo, unageuka mwenyewe na vishale. Kopi zilizofika kwetu zilikuwa zimechanganyika. Mutu anasema "ni rahisi", mwingine "haiwezekani", kumbe hawakucheza kitu kimoja.

Nguba_Boy
Yetu ilikuwa na maandishi ya Kijapani kabisa! Hatukusoma hata barua moja. Tulijua tu vitu kwa picha. Sasa nikiwaza, labda njo iliogopesha kuliko, juu hatukujua ile nyumba ni ya nani na wale batu walifanya nini.

Dada_Furaha
Mimi kinyume. Mimi niliogopa siku niliposoma. Ile daftari ya muchungaji wa wanyama, iko mu kile chumba chake kidogo chini. Mwanzo anaandika vizuri, anacheza karata na wenzake, analisha mbwa. Kisha ngozi inamuwasha. Kisha nyama ya mukono inadondoka. Siku zinavyopita sentensi zinakuwa fupi, mwisho ni maneno mawili matatu tu, anawashwa, kitu fulani kilikuwa kitamu. Unafunga daftari na kabati ya nguo nyuma yako inafunguka na ni yeye. Unamupiga risasi mutu ambaye umetoka kusoma maisha yake. Kwa Kijapani mungemupiga zombi tu.

Mulushois
Hii ya kabati kweli walifikiria.

Vieux_Birere
@Dada_Furaha mutoto wangu, hiyo umeisema vizuri.

Kyeshero_Gamer (Goma)
Mimi naona munasahau sauti. Muziki wa ile besmenti uliniondoa kabisa, ile tarumbeta inayoteleza, sikuwahi kuenda tena.

Chukudu_94
@Kyeshero_Gamer hapo ulicheza ile waliyoitoa tena mu 1998, ya Dual Shock, ya kwanza ya 1996 haina huo muziki. Waliubadilisha wote. Jina lililoandikwa kwa ule mupya ni Mamoru Samuragochi, na mu 2014 ikajulikana kwamba kazi zake zilikuwa zinaandikwa na mutu mwingine, Takashi Niigaki. Wengi wanaucheka ule wimbo wa besmenti, weye wa kwanza kusema unaogopesha.

Kyeshero_Gamer
Bacheke. Usiku, peke yako, umeme umerudi sasa hivi, uniambie unacheka.

Bijou_K
Sauti inayonikaa mimi ni ya kisigino kwa mbao na kwa mazulia. Inabadilika kila chumba. Muziki ukikatika inabaki hiyo tu na pumzi yako.

Nguba_Boy
Nirudi kwa jambo langu kidogo. Kuna watu wa nje wakisikia tunapenda michezo ya kutisha huku Kivu wanashangaa, "kwani maisha yenu hayatoshi?" Mi mwenyewe nimejiuliza.

Vieux_Birere
Waache. Kisha volkano ya 2002 tulilala kwa batu, na kitu cha kwanza batoto walitafuta ni fasi yenye tele. Mu 2021 tarehe 22 Mei mulima ulipofungua tena, bajukuu walibeba simu na chaja mbele ya nguo. Ndani ya ile nyumba ya Spencer kila kitu kina sababu. Mulango umefungwa, basi funguo yake iko fasi. Jani la kijani na jekundu ukichanganya unapona. Ukiwa na akili na ukivumilia unatoka asubuhi na helikopta. Batu wanaokaa mu hofu isiyo na funguo wanajua thamani ya hiyo.

Dada_Furaha
Papa mi siikubali yote. Binti wa Paris ao wa Tokyo anaogopa uleule mlango na anaupenda vilevile, na hana volkano. Sitaki kila kitu tunachopenda kielezwe na mateso yetu. Napenda Resident Evil juu imetengenezwa vizuri.

Mwana_wa_Himbi
Hapa niko na Dada_Furaha. Lakini ya Papa naielewa pia.

Fundi_Kadutu
Kwa vijana: hakuna aliyetaja usukani. Kishale cha juu ni kwenda mbele ya uso wa mutu, si mbele ya ekra. Ile HD iliyotoka 2015, njo remake ya 2002 imesafishwa picha, inakuachia kuchagua usukani wa kisasa. Jaribu koridori moja na wa zamani, kisha ileile na wa kisasa. Kwa kisasa unazunguka zombi bila shida, kamera ile ile, risasi zile zile. Woga umepungua nusu. Kwa hiyo hesabu ya Bijou na kamera ya Mulushois havitoshi.

Bijou_K
Hesabu inabaki Fundi. Ukizunguka rahisi ni kwamba bei imeshuka. Ni hesabu ileile.

Mulushois
Na kamera ikibadilika katikati ya mbio, wa kisasa unakugeuza unarudi kwa zombi. Imenifikia mingi. Wa zamani haufanyagi hivyo, njo maana waliutumia.

Kyeshero_Gamer
Na muchezo wa Silent Hill 1999 hamujautaja? Konami, kila kitu 3D, kamera inatembea, na bado inatisha. Ukungu ule waliuweka juu mashine haikuweza kuchora muji wote, leo njo watu wanaukumbuka kuliko kitu chochote. Na ile redio inayokwaruza mbele ya kumuona mududu.

Fundi_Kadutu
Unaona? Mashine iliamuru.

Chukudu_94
Hahaha Fundi hatachoka.

Mulushois
Kama tunasifu mafundi basi tusifu RE2 ya Nintendo 64. CD mbili nzima, filamu ndani yake, Angel Studios wakaziingiza mu kaseti ya megabaiti 64, 1999. Rafiki yangu wa Kamalondo aliinunua na mpaka leo haitoi nyumbani.

Zawadi_22 (Goma)
Samahani kuingilia, mimi ni wa 2003, nimeanza na RE4. Nikitaka hii ya zamani nianze na ipi, ya 1996 ao HD? Na kwa simu nitumie zile sovegarde za emyuleta kila fasi?

Bijou_K
1996, na usitumie hizo kabisa. Ribboni tu.

Mulushois
HD, usukani wa zamani.

Dada_Furaha
Mutoto acheze anavyoweza, jamani, ana masomo. Zawadi chukua Jill, zile sovegarde tumia ukiitwa na mama tu.

Vieux_Birere
Anza usiwe peke yako. Umuite mutu akae nyuma apige kelele.

Mwana_wa_Himbi
Asanteni wote. Nimefika darini kwa nyoka sasa hivi, Chris, nina risasi za bunduki kubwa kidogo sana na jani moja. Kuna aliyepita na hali hii?

Bijou_K
Usipigane naye. Kile kibao cha mwezi kiko nyuma ya chumba, mule kwa shimo. Mungoje atoke, uzunguke ukutani upande alikotoka mukia, chukua kibao, rudi mulangoni, toka. Mutakutana tena baadaye, na hapo njo utahitaji zile risasi. Na akikuuma tafuta dawa ya sumu haraka, jani halitatosha.

Dada_Furaha
Jill ana bazuka.